Mfuko Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Ruashi, saa kumi na moja jioni

Sidonie mwanangu,

Umekwenda parokiani kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako anapiga pasi blauzi zako haraka haraka kabla umeme haujakatika. Kambo, bibi yako, amejilaza, kwa maana tangu asubuhi mama yangu huyo amekuwa akifunga mzigo wako, akiufungua, akiufunga tena. Nimepata saa moja peke yangu mezani. Naona haya kuandika, lakini ningeona haya zaidi kukuambia ana kwa ana, na ndiyo maana unapata barua.

Nianze na kelele za jana. Ulisimama mlangoni, ukautazama mfuko anaokuandalia kambo, ule mfuko wa unga uliofuliwa na kushonwa upya, ukaniambia kwa sauti ya chini ili asikusikie: "Papa, siwezi kushuka Kinshasa na hii sac. Bantu batanicheka." Nami nikakupigia kelele mpaka jirani akachungulia. Nilikuita mtoto usiye na haya. Katika miaka yako kumi na tisa sijawahi kukupigia kelele namna ile, na niliona machoni pako kwamba hukuelewa umekosa nini kikubwa hivyo.

Hukukosa kitu. Mama yako anadhani nilikasirika kwa ajili ya heshima ya wazee, hata akaniambia chumbani kwamba nilifanya vizuri. Nilivua viatu. Ukweli ni kwamba maneno yale uliyoyasema, mimi niliwahi kuyasema moyoni miaka ishirini iliyopita, juu ya mfuko wa namna ileile, kutoka mikononi mwa mama yuleyule, kwenda kwa mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba wewe uliyasema kwa mdomo, kabla ya safari, kwa mtu anayeweza kukujibu. Mimi sikumwambia mtu.

Sitakuandikia namna ya kuishi Kinshasa. Mama yako ameshakueleza yote ya chakula na ya wanaume, na tantine Odette, dada yangu, atakueleza ya masomo na ya magari. Kuhusu mizigo, ndiyo kabisa sina la kuongeza, kwa sababu umekulia katika nyumba ya mwalimu mkuu wa mizigo wa Ruashi yote. Kambo hajapanda ndege hata siku moja, lakini hakuna mtu wa barabara yetu anayekwenda uwanja wa ndege wa Luano bila kwanza kupitisha mizigo yake kwenye baraza yetu akaguliwe. Unamjua. Anauzunguka mzigo, anaupigapiga, anauvuta mshipi kuona kama utakatika.

"Andika jina inje, andika na mundani. Ile ya inje itapasuka, ile ya mundani itabakia."

Halafu kitambaa chekundu kwenye mpini, ili mtu asichukue sanduku la mwenzake kwa sababu yote ni meusi. Halafu dawa na nguo moja ya kubadili zikae kwenye mkoba wa mkononi. Halafu piga picha ya mzigo kwa simu. Na ile karatasi ndogo unayopewa mezani unapokabidhi mzigo, hapo ndipo anapopandisha sauti: "Ile kakartasi usiiweke mu sakoshi, sakoshi banaibaka. Weka huku!" Na anajigonga kifuani, ambako wezi wa mikoba hawafiki, mbele ya wanaume na mapadri, bila wasiwasi wowote. Mwisho anasema, mzigo usipotokea, usitoke nje ya uwanja kwenda kulia nyumbani. Nenda kwenye ofisi yao siku ileile, waandike, wakupe karatasi yenye muhuri, na kesho urudi tena kuwauliza.

Kisha ananiita mimi nije na kalamu nene, kwa sababu nilikuwa karani na mwandiko wangu ni mzuri. Miaka ishirini nimeandika majina kwenye masanduku ya watu wa Ruashi. Watu wamenishukuru. Mmoja aliniletea kuku.

Basi ujue, mwanangu, somo hilo lote lilianzia kwenye uongo wangu. Kambo alijifunza mizigo kwa sababu aliamini kwamba ndege ilipoteza mfuko wake. Ndege haikupoteza kitu.

Mwaka ule wewe ulikuwa bado tumboni. Tantine Odette alikuwa ameolewa Kinshasa, na aliolewa vibaya machoni pa mama yetu. Mwanamume mwenyewe hakuwa mbaya, ila alimchukua bila watu wake kuja kuketi na watu wetu. Walikwenda ofisini kwa mstahiki meya, wakapiga picha, picha ikatumwa kwetu Lubumbashi. Mama yangu, mjane wa mtu wa reli, aliyewaoza binti za wengine kwa utaratibu wote, akapata ndoa ya binti yake wa pekee ndani ya bahasha. Aliiweka ile picha chini ya godoro. Kwa miaka miwili hakutamka jina la Odette.

Kisha habari ikaja kwamba Odette amejifungua. Wakati huohuo ofisi ikanichagua niende Kinshasa na mkurugenzi wetu pamoja na wenzangu wawili, kwa mafunzo ya wiki moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Nilimwambia mama kwa majivuno tu, nikijisifu. Yeye akanyanyuka, akaenda sokoni.

Siku tatu alijaza ule mfuko. Samaki wa moshi wa Kikondja, aliowachagua mmoja mmoja. Bitoyo, maana Odette tangu utotoni alipenda samaki wa chumvi kuliko nyama. Viwavi waliokaushwa. Karanga. Na katikati, ili harufu isikifikie, akakikunja kitenge kilichokuwa kimefungwa ndani ya karatasi mbili na kitambaa kimoja. Kitenge hicho cha kijani chenye ndege weupe ndicho alichonibebea mimi mgongoni, kisha akambebea Odette. Kilikuwa kimepauka na kuwa laini kama shati la zamani. Hakuniambia maneno mengi. Alisema tu: "Akiona hii, atajua."

Akashona mdomo wa mfuko kwa uzi mwekundu, akaukagua, akanikabidhi. Nami nilielewa vizuri nilichopewa. Ilikuwa njia ya mama ya kumwambia Odette kwamba hasira imekwisha, na asingeweza kuisema kwa njia nyingine. Nakuandikia hili ili usije ukanitetea kwamba sikujua.

Nilivaa suti ya kuazima. Pale Luano niliukabidhi mfuko mapema, kabla wenzangu hawajafika, nikatia ile karatasi ndogo mfukoni. Ndani ya ndege niliketi karibu na mkurugenzi, akaniuliza mambo ya kazi, nikajibu vizuri. Nilijiona mtu mkubwa. Kama ungeniona siku ile ungenicheka, nilikuwa nimekaa wima kama anayepigwa picha.

Kule Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, tulisimama sote mbele ya ule mkanda unaozungusha mizigo. Niliuona mfuko kabla ya wengine. Ulitokea katikati ya masanduku meusi ya magurudumu, umelala ubavu, uzi wake mwekundu juu, na doa la mafuta ya samaki kwenye kona. Harufu ilifika baada yake kidogo. Mkurugenzi akaziba pua kwa vidole viwili, akapaza sauti:

"Eh! Angalieni! Kuko muntu alibeba soko muzima mu ndeke!"

Wenzangu wakacheka. Dereva wa kampuni aliyekuja kutupokea naye akacheka. Mimi pia nilicheka, Sidonie. Nilicheka kuliko wote.

Mkurugenzi akachukua sanduku lake, akanigeukia. "Na weye, bagage yako iko wapi?"

"Mi siko na bagage, chef. Niko na hii valise ya mukono tu."

Mfuko ulizunguka mara nne, nilihesabu. Kila ulipopita mbele yangu nilitazama saa. Bado ningeweza kuwaambia watangulie garini, nikasingizia choo, nikaurudia. Nilikwenda kweli chooni, na huko nikaichana ile karatasi ya mzigo vipande vidogo nikavitupa, ili isije ikaonekana mfukoni mwangu. Nilipotoka, tukaondoka.

Kesho yake jioni dereva alinipeleka kwa Odette. Nilikuwa nimenunua mikate miwili na kopo la maziwa. Alinipokea na mtoto mkononi, akatazama nyuma yangu kama kuna kitu kinachofuata, kisha akaniuliza mimi kaka yake:

"Yaya, mama alikutuma nini?"

"Alituma sac moja ya mukubwa. Ndeke ikaipoteza."

Odette akatabasamu vibaya. "Yaya, usinidanganye. Mama hakutuma kitu. Sema tu kama angali na kasirani."

Nilimwapia kwamba mfuko ulikuwepo. Nilimtajia samaki, nilimtajia bitoyo, nilimtajia kitenge. Nilipotaja kitenge akageuza uso, akasema nisimfanyie hivyo, nisimtungie hadithi ya kitenge ili kumfariji. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kinshasa nilikuwa nasema kweli, na dada yangu hakuamini hata neno moja.

Hapo nikaogopa. Nilimwambia dereva tupitie uwanja wa ndege. Nilikusudia kuuchukua mfuko, nakuhakikishia. Mtu wa stoo alikuwa mzee mpole mwenye funguo nyingi. Alifungua mlango, nikauona palepale, sakafuni, umetengwa na mizigo mingine kwa ajili ya harufu. Aliniuliza karatasi. Sina. Akasema si neno, nitaje kilichomo ndani, tufungue tuone, nitie sahihi, niende nao. Ilikuwa jambo rahisi kabisa. Lakini dereva alikuwa amenifuata ndani, mtu wa maneno mengi, aliyekula meza moja na mkurugenzi mchana ule, na akachungulia juu ya bega langu.

"Kumbe ile sac ya samaki njo ya kwako?"

"Hapana," nikasema. "Rafiki mumoja aliniomba nimuulizie. Ya kwake iko ya bleu."

Mzee akasema pole kwa rafiki yako, akafunga mlango. Nilisikia ufunguo ukigeuka. Sijui ni nani aliyekula wale samaki. Sijui kitenge kilikwenda wapi. Mara nyingi nimetamani kwamba mke wa yule mzee alikipata na kumbebea mtu, lakini hiyo ni tamaa yangu tu ya kutaka kupunguza uzito.

Usiku huo nilimpigia mama simu, kupitia kwa jirani aliyekuwa na simu. Nilikuwa nimejizoeza maneno.

"Mama, muzigo ilipotea."

"Yote?"

"Yote."

"Na kitenge?"

"Na kitenge, mama."

Nilisikia jirani akikohoa upande ule. Kisha mama yangu akaniambia: "Pole, mutoto yangu. Usijitese. Haiko kosa yako."

Nimeyabeba maneno hayo miaka ishirini. Angenitukana ningekuwa nimeshasahau.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Niliporudi nilikuta mama amevaa nguo za misa siku ya kazi. Alikuwa amepata habari kwamba mzigo uliopotea huwa unarudi na ndege nyingine, basi akaanza kwenda Luano. Mara mbili kwa juma, siku ambazo ndege ya Kinshasa ilishuka, alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi saa nane vumbi likiwa limempanda mpaka magotini. Alianza mvua za kwanza zilipoanguka, akaendelea mpaka mahindi ya uani kwetu yakakomaa. Wafanyakazi wa pale wakamzoea, wakamwita Mama wa Muzigo, wakampa kiti.

Mara moja aliniomba nimsindikize, kwa sababu waliomba kuonana na abiria mwenyewe. Nilikwenda. Kijana wa watu aliyekuwa mezani alikuwa na adabu. Aliuliza: "Mama, ile ticket ya bagage iko wapi?"

"Mutoto yangu aliipoteza. Lakini mi naweza kukuambia vile sac iko."

Akamwelezea. Uzi mwekundu, mshono wa kurudi mara mbili, idadi ya samaki, karanga za rangi gani, ndege weupe wa kitenge wanatazama upande gani, na pale pindoni palipoungua na pasi mwaka niliozaliwa mimi. Yule kijana aliandika kila kitu, kisha akasema kwamba bila ile karatasi hawezi kuufuata mfuko, na akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu nimeshika mwavuli wake. Nilitazama mwavuli.

Ndipo mama alipoanza kuwahubiri wasafiri habari ya kutunza karatasi. Kwanza jirani, halafu watu wa parokia, halafu watu tusiowajua. Kila aliyefika barazani alianza kwa kumsimulia: mutoto yangu alipoteza ile kakartasi, usifanye sawa vile yeye alifanya. Nami nikitokea na kalamu, watu walinitazama kwa huruma. Umesikia hadithi hiyo tangu ukiwa mdogo. Uliwahi hata kuniuliza, ukiwa na miaka saba hivi, kama niliililia ile karatasi. Nilikutuma uniletee maji.

Miaka michache baadaye nilisafiri tena, na safari hiyo sanduku langu lilichelewa kweli. Nilifuata somo la kambo neno kwa neno. Nilikuwa na karatasi, nilikwenda ofisini kwao siku ileile, nilipata muhuri, na baada ya siku mbili sanduku likaletwa likiwa zima. Lakini waliponiambia nitaje vilivyomo, nilikwama. Mashati, nikasema. Mangapi? Sikujua. Niliwaza jinsi mama alivyowataja samaki wake kwa idadi.

Odette na kambo hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Walisalimiana kwa simu kila mwaka mpya, bonne année, afya, watoto, kisha kila mmoja akarudisha simu haraka kwa mwenyewe. Odette alingoja ishara kutoka kwa mama yake, na mama yake alingoja japo asante kwa ishara aliyokwisha kuituma. Mimi niliyekuwa katikati nilijua kwa nini kila mmoja ananyamaza, nikakaa kimya. Mara nyingi nilijiambia nitasema Krismasi. Krismasi zilikuja.

Na kicheko nilichokiogopa, Sidonie, kilidumu kiasi cha kutembea kutoka kwenye mkanda mpaka kwenye gari. Mkurugenzi alihamishwa mwaka uliofuata. Nikijaribu leo kumkumbuka uso naona miwani tu. Yule dereva sijui kama angali hai. Kwa ajili ya watu hao wawili niliwazuia mama na binti yake wasipatane.

Ulipopata nafasi ya kusoma Kinshasa, ni Odette mwenyewe aliyepiga simu kusema umfikie yeye. Nilitia simu sauti ya juu, kambo alikuwa anachambua maharagwe. Kesho yake alikwenda sokoni, na aliporudi niliisikia harufu ya samaki wa moshi kabla sijamwona. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba.

Leo mchana nilijaribu kumwambia. Nakupa neno langu kwamba nilijaribu. Nilimkuta ameinama juu ya mfuko wako, nikakaa karibu naye, nikasema: "Mama, kuko neno ya zamani napenda kukuambia."

"Papa Sido, weka kidole hapa kwanza, nifunge."

Nikaweka kidole kwenye kamba ya furushi la samaki. Akakaza fundo, nikatoa kidole. Akaniuliza neno gani. Nikasema nimesahau. Niko na mvi kichwani, mwanangu, nina mke na watoto watano, na nilisema nimesahau.

Kisha akaleta kitenge. Kile chako, cha buluu, alichokubebea wewe kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kimekwenda. Akakilaza katikati ya karanga na samaki. Nikamwambia, mama, Odette hana tena mtoto mchanga, watoto wake ni wakubwa. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ile ya kwake ndeke ilikula. Sasa apate ya Sido. Ataelewa." Halafu akanipa sindano na uzi mwekundu. "Macho yangu haione tena. Utashona weye."

Akaenda kulala. Mfuko uko hapa miguuni pangu, mdomo wazi.

Barua hii siitii kwenye sanduku lako la magurudumu, wala kwenye mkoba wako. Nitaikunja ndani ya kitenge, katikati kabisa, kisha nitashona. Kambo akiniuliza mbona nimechelewa, nitasema sindano ilinisumbua. Utakuwa uongo wangu wa mwisho kwake, na utakaa siku moja tu.

Kwa hiyo sikuombi uchukue mfuko. Nimetafuta namna ya kukuomba nikaona sina mdomo wa kuombea. Kesho utasimama pale Ndjili, utauona ukija, na huenda kuna kijana mzuri wa chuo atakuwa amesimama kando yako. Sitakuwepo kukutazama. Ukiuacha uzunguke, hutajua kamwe kilichokuwa ndani. Basi kama ni wewe unayesoma maneno haya, ndugu mfanyakazi wa stoo, tafadhali, jina liko nje na liko ndani, kama mama alivyofundisha. Mrudishie mwenye jina hilo. Kosa ni langu tangu mwanzo.

Lakini kama unayesoma ni wewe, Sidonie, basi umeshaunyanyua mbele za watu, umeshaufikisha kwa tantine, na mmeshakata uzi. Umefanya kwa dakika moja jambo ambalo baba yako hakuliweza. Nisamehe kwa lile neno la jana. Asiye na haya si wewe. Barua hii mpe Odette asome, ni yake pia. Mwambie kitenge cha kijani kilikuwepo. Asipotaka kuongea nami mwaka mzima, nitakuwa nimestahili.

Kambo atakuwa anajua tayari. Tukitoka Luano kesho, kabla hatujafika Ruashi, nitamwambia. Nimechagua saa hiyo makusudi, kwa sababu wewe utakuwa angani na barua hii, na sitakuwa na njia ya kuirudisha. Sijui atasema nini. Labda ataniuliza samaki walikwenda wapi. Labda atakaa kimya mpaka nyumbani, na hicho ndicho ninachokiogopa. Vyovyote vile, jioni atakuwa ameketi barazani na simu mapajani, kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya kila mtu aliyemkagua anaposafiri.

Mpigie yeye, usinipigie mimi. Mambo ya barua usimweleze, hayo ni yangu. Kabla hujampa Odette simu, mwambie neno moja tu, alilolifuata kwa miguu mpaka mahindi yakakomaa. Mwambie: Kambo, sac ilishafika.

Papa yako